Baba Aliyeondoka: Shaba ya Katanga, Mitaji ya Kigeni na Ajira za Watu

Lubumbashi ni mji uliozaliwa na shaba. Mgeni anayefika huko huoneshwa kwanza bomba refu la moshi la kiwanda cha zamani cha kuyeyushia madini, na kando yake kilima cheusi kisichoota majani. Kilima hicho hakikuumbwa na Mungu. Ni mabaki ya mawe yaliyotoka katika tanuru za kiwanda, yakamwagwa mahali pamoja mwaka baada ya mwaka. Watu wa mji wamekizoea kama watu wa pwani walivyoizoea bahari.

Wazee wa mji huo wana msemo ambao mwanafunzi wa Kiswahili atauelewa bila shida: "Gécamines njo baba, njo mama." Katika Kiswahili sanifu tungesema, "Gécamines ndiye baba, ndiye mama." Gécamines ni kampuni ya madini ya serikali ya Kongo. Kabla yake, maneno hayo hayo yalisemwa juu ya kampuni ya Kibelgiji iliyoitwa Union Minière. Kampuni ilimpa mtu kazi, nyumba, unga, dawa na shule ya watoto, na mzazi hafanyi zaidi ya hayo.

Lakini baba wa namna hii anaweza kuondoka. Je, akiondoka, watoto hubaki na nini? Hilo ndilo swali la makala haya. Ni swali la historia, na ni swali la uraia pia, kwa sababu kila nchi ya ukanda wetu leo inatafuta wawekezaji wa kigeni, na kila kiongozi anapozindua mradi mpya hutaja mambo mawili: ukuaji wa uchumi na ajira. Historia ya Katanga inatufundisha kuyatenganisha mambo hayo mawili na kuuliza juu ya kila moja peke yake.

Tuanze na maana ya maneno

Wanauchumi husema juu ya uwekezaji wa moja kwa moja kutoka nje. Maana yake ni kwamba mtu au kampuni ya nchi moja inaweka mtaji katika shughuli ya nchi nyingine, na pamoja na mtaji huo inapata sauti katika uendeshaji wa shughuli yenyewe. Kwa kawaida, anayemiliki asilimia 10 au zaidi ya hisa zenye haki ya kupiga kura huhesabiwa kuwa mwekezaji wa aina hii. Huyu ni tofauti na mkopeshaji, ambaye hungojea riba tu, na ni tofauti na mnunuzi wa hisa chache, ambaye anaweza kuziuza kesho asubuhi. Mwekezaji wa moja kwa moja anachimba, anajenga, anaajiri na anaamua.

Faida zinazotarajiwa kwake zinajulikana. Analeta fedha ambazo nchi haina, mitambo na ujuzi, na njia ya kuyafikia masoko ya mbali. Hasara zinazohofiwa zinajulikana vilevile: faida inaweza kuhamishwa nje, mashine zinaweza kuchukua nafasi ya watu, na nchi inaweza kutegemea bidhaa moja ambayo bei yake hupangwa London. Ni upande gani utakaozidi? Jibu halimo ndani ya mtaji wenyewe. Hutegemea masharti uliyoingia nayo, na uwezo wa wenyeji wa kuyasoma na kuyasimamia masharti hayo.

Shaba kabla ya kampuni

Wabelgiji hawakuwafundisha watu wa Katanga kwamba mawe yao yana shaba. Muda mrefu kabla yao, mafundi wa huko waliyeyusha shaba katika tanuru za udongo na kuitengeneza kwa umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilitumika kama fedha na mahari, na ilisafiri mbali katika biashara.

Katikati ya karne ya 19, biashara hiyo iliwavuta wafanyabiashara kutoka Unyamwezi, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Mmoja wao, Msiri, alijijengea ufalme wenye makao yake Bunkeya. Ufalme huo uliishi kwa shaba, pembe za ndovu na, ni lazima tuseme ukweli, biashara ya watumwa. Misafara yake iliunganisha Katanga na pwani ya Bahari ya Hindi upande mmoja, na Angola upande mwingine. Kiswahili kilifika Katanga kwa njia ya misafara hiyo.

Mnamo Desemba 1891, Msiri aliuawa na msafara wa kijeshi ulioongozwa na William Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Mwaka uliofuata, mwanajiolojia Jules Cornet aliipima nchi hiyo na kuona wingi wa madini yake. Kwa hiyo mlango wa mwekezaji wa kwanza mkubwa wa Katanga ulifunguliwa kwa bunduki. Wenye nchi hawakuketi mezani kuzungumzia masharti.

Kampuni ya mwaka 1906

Mwaka 1900 iliundwa Kamati Maalumu ya Katanga, chombo kilichopewa mamlaka ya kuisimamia ardhi na madini ya jimbo kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo na ya kampuni binafsi iliyoitwa Compagnie du Katanga. Mwaka 1906 ikazaliwa Union Minière du Haut-Katanga. Wenye mtaji walikuwa hasa Société Générale de Belgique, kampuni kubwa ya fedha ya Brussels, na Tanganyika Concessions, kampuni ya Kiingereza ya Robert Williams. Kamati Maalumu nayo ilipata sehemu yake ya hisa. Jambo hili la hisa tutalirudia.

Mtaji ulipoingia, mambo yalikwenda kwa kasi. Mwaka 1910 reli kutoka kusini, iliyopita Rhodesia, ilifika mahali palipokuwa panajengwa mji mpya ulioitwa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Mwaka 1911 tanuru ya kwanza ilitoa shaba. Baadaye ilifunguliwa migodi mingine kuelekea magharibi, ikakua miji ya Likasi na Kolwezi. Mgodi wa Shinkolobwe ulitoa urani ambayo sehemu yake ilitumiwa na Marekani kutengeneza mabomu ya atomiki wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Ukipima kwa tani za madini na urefu wa reli, huo ulikuwa ukuaji mkubwa. Mahali pa vijiji palisimama viwanda na umeme. Sasa tuwatazame watu.

Kazi bila wafanyakazi

Kampuni ilikuwa na mawe, reli na tanuru, lakini haikuwa na watu wa kutosha. Katanga ya kusini ilikuwa na wakazi wachache, na wachache hao hawakuwa na hamu ya kuacha mashamba yao kwa kazi ngumu yenye ujira mdogo. Basi serikali ya kikoloni na kampuni zikaanzisha chombo cha kuwatafuta vibarua, na kodi iliyodaiwa kwa fedha taslimu ikawasukuma vijana watoke vijijini. Wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Baadaye wengine walitoka Kasai, na katika miaka ya 1920 wakaja watu kutoka Ruanda-Urundi, yaani Rwanda na Burundi za leo.

Maisha yao ya kwanza yalikuwa mabaya. Walikaa katika vibanda, walikula vibaya, na magonjwa ya mapafu na ya tumbo yaliwaua wengi. Mkataba wa kibarua ulikuwa wa miezi michache, na kila alipoujua ujuzi fulani, muda wake ukaisha akarudi kwao. Kampuni ikagundua kwamba inapoteza fedha kila mara inapomsafirisha na kumfundisha mtu mpya.

Ndipo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, ikabadili mwendo. Ilianza kuwapa wafanyakazi mikataba ya miaka mitatu, ikawaruhusu waje na wake zao, ikajenga kambi zenye nyumba, hospitali na shule zilizoendeshwa na wamisionari. Kila juma familia ilipata posho: unga, nyama, chumvi, mafuta. Mtoto aliyezaliwa kambini alihesabiwa na kampuni kama mfanyakazi wa kesho. Hapo ndipo kampuni ilipoanza kuitwa baba na mama.

Tusiidharau hatua hiyo. Vifo vilipungua, watoto walisoma, na mafundi wa Kiafrika wa kizazi cha kwanza walipatikana. Lakini tuielewe sababu yake. Kampuni haikuwatunza watu kwa huruma peke yake. Iliwatunza kwa kuwa ilikosa watu. Mdororo wa uchumi wa dunia ulipoanza na bei ya shaba ikaporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1930, maelfu ya wafanyakazi walirudishwa makwao. Baba alionesha kwamba anaweza kuwafukuza watoto anapokosa faida.

Lugha ya kambi

Hapa kuna jambo linalowahusu ninyi wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Katika kambi za Union Minière walikutana Wabemba, Waluba, Wanyarwanda, Wayeke na wengine wengi. Walihitaji lugha moja, na lugha iliyoshika mizizi ni Kiswahili. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, katika kitabu alichochapisha mwaka 1986, alieleza kwamba hilo halikutokea kwa bahati tu: wakubwa wa Kibelgiji walikipendelea Kiswahili kwa sababu mojawapo ya kutaka kupunguza mvuto wa Waingereza wa kusini na lugha za migodi ya huko.

Lakini wakubwa wanaweza kuchagua lugha ya amri. Hawawezi kuamua watu wataitumiaje. Wafanyakazi walikifanya Kiswahili kuwa chao. Wakasema "njo" mahali pa "ndiyo" na "bana" mahali pa "wana". Mwaka 1965, André Yav, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani, aliandika kwa Kiswahili hicho historia ya mji wa Elisabethville kama walivyoiona watu wa chini. Mtaji wa kigeni ulileta mitambo. Watu waliojiriwa waliunda lugha, mji na kumbukumbu. Hayo hayaandikwi katika hesabu za faida na hasara, lakini ndiyo yaliyodumu zaidi.

Tani zaongezeka, kazi haziongezeki

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, nchi zilizokuwa zikipigana na Ujerumani zilihitaji shaba nyingi. Kazi iliongezeka, bei za vitu sokoni zikapanda, lakini ujira wa Waafrika ulibaki nyuma. Mnamo Desemba 1941 wafanyakazi waligoma wakidai nyongeza. Tarehe 9 Desemba, askari waliwapiga risasi wagomaji waliokusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville. Makumi ya watu walikufa, akiwemo Léonard Mpoyi, aliyekuwa msemaji wao. Baba hakutaka kujibiwa.

Baada ya vita, kampuni ilinunua mashine zaidi. Katika miaka ya 1950 uzalishaji ulipanda sana, ukafikia takriban tani 300,000 za shaba mwaka 1960. Idadi ya wafanyakazi wa Kiafrika haikupanda kwa kiasi hicho. Ilibaki karibu palepale, kwenye elfu ishirini na kidogo. Tena kazi za uhandisi na uongozi zilishikwa na Wazungu. Mwafrika angeweza kuendesha mtambo mkubwa, lakini hakuandaliwa kuusanifu wala kuiuza shaba yake Ulaya.

Huu ndio ukweli wa kwanza wa kukariri: ukuaji wa uzalishaji na ukuaji wa ajira ni mambo mawili. Uchumi unaweza kunenepa huku mlango wa kazi ukibaki na upana ule ule.

Nani mwenye hisa?

Sasa turudi kwenye hisa. Kamati Maalumu ya Katanga ilikuwa na sehemu kubwa ya kura katika Union Minière. Kwa kuwa theluthi mbili za maslahi ya kamati hiyo zilikuwa za dola, Kongo huru ilitarajia kurithi sauti kubwa ndani ya kampuni. Lakini siku chache kabla ya uhuru wa tarehe 30 Juni 1960, Ubelgiji iliivunja kamati hiyo na kuzigawa mali zake. Sehemu moja ikabaki kwa mshirika binafsi, na nguvu ya kura ambayo taifa jipya lingekuwa nayo ikapungua. Watu mitaani walikuwa wakishona bendera; katika ofisi, sahihi chache zilibadilisha umiliki wa utajiri.

Yaliyofuata yalikuwa mazito zaidi. Tarehe 11 Julai 1960, Moïse Tshombe alitangaza kuitenga Katanga na Kongo. Union Minière ililipa kodi zake kwa serikali yake, na fedha hizo ziliuwezesha utengano huo kuishi. Waziri Mkuu Patrice Lumumba aliuawa huko Katanga tarehe 17 Januari 1961. Utengano ulimalizwa Januari 1963 baada ya majeshi ya Umoja wa Mataifa kuingilia kati.

Hapa tunajifunza kwamba mwekezaji mmoja anapokuwa mlipakodi mkuu wa nchi, anakuwa pia mtu wa siasa, hata akisema kwamba yeye ni mfanyabiashara tu.

Shaba ya taifa

Mwanzoni mwa mwaka 1967, serikali ya Mobutu iliitaifisha Union Minière na kuunda kampuni ya taifa, ambayo baadaye ilipewa jina la Gécamines. Mwaka 1971 hata jimbo lilibadilishwa jina: likaitwa Shaba, neno la Kiswahili, hadi mwaka 1997 liliporudishiwa jina la Katanga.

Wengi walidhani historia ya utegemezi imekwisha. Lakini serikali ilikuwa na migodi bila kuwa na wahandisi wa kutosha, na ilikuwa na shaba bila kuwa na njia yake ya kuiuza. Kabla miezi miwili haijapita, ilikubaliana na Société Générale des Minerais, kampuni ya familia ile ile ya Société Générale, iendelee kusaidia kuendesha migodi na kuuza madini. Mwenye nyumba alipata hati. Funguo zilibaki kwa mpangaji wa zamani.

Gécamines iliendelea na desturi ya baba. Ilikuwa na shule, hospitali, maduka ya posho na timu za mpira. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka, kiasi ambacho Union Minière haikuwahi kukifikia, na iliajiri zaidi ya watu 30,000. Hata hivyo, ufa ulikuwa umeanza zamani. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970. Reli ya Benguela, njia fupi ya kwenda bahari ya Atlantiki, ilifungwa na vita vya Angola. Jimbo lilishambuliwa mwaka 1977 na 1978. Na zaidi ya yote, mapato ya shaba yalichukuliwa na watawala badala ya kurudishwa migodini. Mashine zilichakaa bila vipuri.

Mnamo Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto, uliokuwa tegemeo la kampuni, iliporomoka. Katika miaka iliyofuata uzalishaji ulianguka hadi chini ya sehemu moja ya kumi ya kile cha zamani. Posho ikakoma, mishahara ikachelewa, shule za kampuni zikaanza kudai ada.

Ajira zilipokuwa adimu, wanasiasa waliwaelekeza watu kuwatafuta wa kulaumiwa. Mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya madini. Hao walikuwa watoto na wajukuu wa wale walioletwa na kampuni ili waichimbe shaba. Malaki ya watu waliondoka, na wengi walikufa njiani na katika vituo vya reli walikongojea treni. Aliyekufa hakuwa ameiba mgodi, na aliyebaki hakuupata.

Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikiita kitabu chake cha mwaka 2001 kwa jina la watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Mwaka 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Uliitwa mpango wa kuondoka kwa hiari. Wengi wao walikuwa wakidai mishahara ya miezi mingi, wakapewa malipo ya mara moja, na wakaenda nyumbani bila pensheni ya kutosha.

Wawekezaji wapya

Mwaka 2002 Kongo ilitunga Sheria mpya ya Madini ili kuwavuta wawekezaji baada ya vita. Masharti yalikuwa mepesi. Mrabaha wa shaba, yaani malipo ambayo mchimbaji humlipa mwenye madini kwa kila anachouza, ulikuwa asilimia 2. Wawekezaji walikuja. Kampuni ya Marekani ya Freeport-McMoRan ilianza uzalishaji Tenke Fungurume mwaka 2009, kisha mwaka 2016 ikakubali kuuza sehemu yake kwa China Molybdenum kwa dola bilioni 2.65. Mwaka 2008 kampuni za China ziliingia katika ubia wa Sicomines: wao walipata asilimia 68 na upande wa Kongo asilimia 32, na mradi huo uliahidi barabara na hospitali ambazo gharama zake zingelipwa kwa madini. Mkataba huo ulilalamikiwa kwa miaka mingi, ukajadiliwa upya, na mwaka 2024 kiasi cha miundombinu kilipandishwa hadi dola bilioni 7.

Matokeo kwa tani ni ya kushangaza. Kongo sasa hutoa zaidi ya tani milioni 2 za shaba kwa mwaka, mara kadhaa ya kilele cha Gécamines, na zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, madini yanayotumika katika betri za simu na magari ya umeme. Hata kile kilima cheusi cha Lubumbashi kilianza kuchimbwa upya, kwa sababu ndani ya taka za jana imo kobalti ya leo.

Na ajira? Migodi ya kisasa hutumia mitambo mikubwa na watu wachache kwa kila tani. Sehemu kubwa ya wafanyakazi wake huajiriwa na wakandarasi, si na kampuni yenyewe, kwa hiyo mikataba yao ni mifupi na haki zao ni chache zaidi. Pembezoni mwa migodi hiyo wako wachimbaji wadogo, makumi kwa makumi ya maelfu, wanaochimba kwa mikono na kuuza kwa magunia. Wengine ni watoto wa wafanyakazi wa zamani wa Gécamines. Baba zao walivaa kofia ya kampuni. Wao hushuka shimoni kwa kamba.

Mwaka 2018 sheria ilirekebishwa. Mrabaha wa shaba ukawa asilimia 3.5, na wa madini yaliyotangazwa kuwa ya kimkakati, ikiwemo kobalti, ukawa asilimia 10. Kampuni zinatakiwa kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi. Sheria nyingine ya mwaka 2017 inataka kazi za ukandarasi zipewe kampuni ambazo mtaji wake mwingi ni wa Wakongomani. Kampuni kubwa zilipinga marekebisho ya 2018 zikisema yatawafukuza wawekezaji. Hata hivyo, uzalishaji uliendelea kupanda. Masharti mazuri hayamfukuzi mwekezaji anayeihitaji mali yako. Lakini yakibaki karatasini, hayamlishi mtu.

Raia afanye nini?

Ndugu msomaji, makala haya hayakuandikwa ili uwachukie wawekezaji. Katanga ya Msiri haikuwa peponi, na Gécamines ya taifa ilibomolewa na wenyeji, si na wageni. Vilevile haikuandikwa ili uwapigie makofi. Historia ya zaidi ya miaka 100 imetuonesha kampuni za Ubelgiji, za Uingereza, za serikali yetu, za Marekani na za China. Wenyeji wa mgodi walibadilika, swali halikubadilika.

Kosa kubwa la mfumo wa baba halikuwa ukatili wake wala ukarimu wake. Lilikuwa kuweka kila kitu mkononi mwa mmoja: kazi, nyumba, chakula, shule na hospitali. Mkono huo ulipolegea, vyote vilianguka siku moja. Kama kodi ya shaba ingejenga shule za umma, shule hizo zingeishi hata mgodi ukifa. Kama wahandisi wangeandaliwa mapema, mwaka 1967 usingehitaji kurudisha funguo. Kama kungekuwa na viwanda vidogo, wakulima na mafundi wanaoiuzia migodi bidhaa zao, mfanyakazi aliyeachishwa angekuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Kwa hiyo, unaposikia kwamba mwekezaji anakuja, usiulize tu, "Ataleta dola ngapi?" Uliza: Ataajiri wangapi moja kwa moja, na wangapi kwa wakandarasi? Watajifunza kazi gani? Atanunua nini kwetu? Atalipa kodi gani, wapi, na nani atahesabu? Mkataba uko wapi, na umeandikwa kwa lugha ambayo mimi naweza kuisoma? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni maneno mema, lakini mwenyeji hupona pale tu anapojua kilichoandikwa katika hati ya mgeni.

Bomba la moshi la Lubumbashi bado limesimama. Watoto wanaopita chini yake kwenda shule hawakuijua Union Minière, na wengi hawakuionja posho ya Gécamines. Hawahitaji baba mwingine. Wanahitaji kuwa watu wazima mbele ya mkataba.

Maswali ya kujadili

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya ukuaji wa uzalishaji na ukuaji wa ajira. Toa mfano mmoja kutoka Katanga.
2. Kwa nini Union Minière ilianza kujenga nyumba na shule za wafanyakazi mwishoni mwa miaka ya 1920?
3. Msemo "njo baba, njo mama" unaonesha shukrani, utegemezi, au vyote viwili? Tetea jibu lako.
4. Chagua mradi mmoja wa kigeni katika eneo lako. Andika aya moja ukijibu maswali yaliyotajwa chini ya kichwa "Raia afanye nini?"